Kila mtu ana ukweli wake?

SWALI: Shikamooni. Mwenzangu chuoni ananiambia Ukristo ni "ukweli wako, sio wangu". Nimjibuje? – Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Anza kwa kutenganisha ladha na dai. "Pilau ni tamu kuliko wali wa nazi" ni ladha; kila mtu abaki na yake. "Pantoni ya Kigamboni imeshaondoka" ni dai: ni kweli au si kweli, hata abiria wote waamini vingine.

Ukristo umejiweka kwenye madai. Fungua 1 Wakorintho 15, barua ya miaka ya 50 hivi, takriban miaka 25 tu baada ya Yesu kusulubiwa. Mstari wa 6 Paulo anataja ndugu zaidi ya 500 waliomwona Kristo mfufuka, wengi wao wakiwa bado hai, yaani wangeweza kuulizwa. Mstari wa 14 anakiri kwamba kama Kristo hakufufuka, imani ni bure. Mtu anayesimulia hisia zake tu haandiki hivyo!

Kisha muulize kwa upole: hilo la "kila mtu ana ukweli wake" ni kweli kwa wote, au kwako tu? Akisema kwa wote, amekubali kwamba upo ukweli wa wote. Akisema kwake tu, halikufungi.

Wengi huharibu hapa: wakishinda hoja hiyo, wanadhani wameshathibitisha ufufuo. Bado. Umeonyesha tu kwamba swali lina jibu. Sasa mpe sura hiyo ya 15 aisome mwenyewe, na maswali yake magumu yapokee bila kukasirika.