Kuiona barafuto ya Mendenhall bila helikopta
Inawezekana kabisa. Barafuto ya Mendenhall, yaani mto wa barafu unaosogea polepole, iko kilomita 19 hivi kutoka katikati ya mji wa Juneau, Alaska, na unaiona vizuri ukiwa ng'ambo ya ziwa lililo mbele yake. Basi la mji halifiki hadi pale; ukishuka kituo cha karibu unamalizia zaidi ya kilomita 2 kwa miguu, au uchukue teksi. Kisha fuata njia ya kwenda maporomoko ya maji ya Nugget Falls, kama kilomita 3 kwenda na kurudi, tambarare, hata watoto wanaiweza. Maporomoko yenyewe yana kimo cha mita 115 hivi, usiyakose! Ila tafadhali usiingie mapango ya barafu, maana vipande humeguka bila onyo. Beba koti la mvua hata Julai.