Kompyuta za Msaada Zimetoa Moshi

SWALI: Fundi, shikamoo. Nafundisha hesabu sekondari ya serikali hapa Ukerewe. Shule rafiki ya Marekani imetuletea kompyuta 12 za mezani. Zilishushwa kwenye kivuko, wanafunzi wakazibeba kichwani huku wanaimba. Tulipochomeka ya kwanza ikalia puu! Moshi. Ya pili vilevile. Mkuu wa shule amezifungia stoo na anataka niwaandikie wafadhili kwamba wametutupia taka. Ni kweli?
Mwalimu, Nansio

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole kwa moshi. Harufu ile naijua. Nilipoanza ufundi hapa Makoroboi, Mwanza, niliunguza mbili za mteja siku moja, nikazilipa kidogokidogo kwa miezi mitatu.

Nenda stoo, geuza moja uangalie mgongoni, pale waya wa umeme unapoingia. Nahisi utakuta kiswichi chekundu kinachosomeka 115. Umeme wa majumbani kule ni volti 120, wetu 230. Ukichomeka hapa kompyuta iliyotegwa 115, kapasita, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme ndani ya pawa saplai (kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme), zinazidiwa na kupasuka. Ndiyo hiyo puu yako. Chomoa waya kwanza, halafu sukuma kiswichi kwa bisibisi bapa mpaka kisomeke 230. Kama hakuna kiswichi, soma kibandiko: 100–240 chomeka bila wasiwasi, 115 peke yake, usithubutu. Monita nazo zikague hivyohivyo.

Zile mbili usizitupe. Mara nyingi kinachokufa ni pawa saplai tu, diski na bodi vikabaki vizima. Ila usiifungue mwenyewe, kapasita hushika umeme hata baada ya kuchomolewa.

Barua iandike, lakini si hiyo ya mkuu. Sisi tukiletewa kitu tunapiga makofi, tunapiga picha, kuuliza tunaona haya. Waulize kama wamezijaribu kabla ya kufunga maboksi. Tangu Januari 1, 2025 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa kuhusu kusafirisha taka, unataka taka zozote za kielektroniki zisivuke mpaka bila nchi inayopokea kuridhia kwanza, kwa hiyo swali hilo linawalinda na wao. Awamu ijayo waombe laptopu: chaja zake nyingi ni 100–240, na umeme ukikatika kipindi kinaendelea. Wasikatae hata zile zilizoachwa kwa sababu Windows 10 ilikoma kuhudumiwa Oktoba 2025, maana ukiziwekea Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, zinafanya kazi vizuri. Na wazipakie Kolibri hukohuko kwenye intaneti ya kasi. Hiyo ni programu ya bure ya masomo. Ikiwa kwenye mashine moja, nyingine zinasoma kutoka kwake bila bando.

Mkuu naye asivunje urafiki kwa ajili ya kiswichi. Mwanza na Würzburg ya Ujerumani ni miji rafiki tangu 1966, sidhani kama miaka yote hiyo hakuna kilichowahi kuungua.

Ukivuka kuniletea zile mbili zilizoungua, zifunge kwenye nailoni na uzikalishe mbali na magunia ya dagaa. Magamba yake nimeyatoa sana kwenye feni.