Kwa Nini Selimiye Huhesabiwa Kilele cha Kazi ya Sinan?

SWALI: Nimesoma kwamba Sinan, msanifu aliyejenga Msikiti wa Süleymaniye jijini Istanbul, aliuona ule wa Selimiye ulioko Edirne, mji mwingine wa Uturuki, kuwa kazi yake bora kuliko zote. Alifanya nini Edirne ambacho hakukifanya Istanbul? — Msomaji, Tanga

JIBU: Tofauti kubwa iko katika namna kuba linavyobebwa. Katika Süleymaniye, uliokamilika mwaka 1557, kuba limekaa juu ya nguzo nne nene, likiegemea nusu-kuba moja upande wa kibla na nyingine upande wa mlango, kwa hiyo sehemu za kulia na kushoto zimetengwa kidogo na ukumbi wa katikati. Selimiye, uliojengwa kati ya mwaka 1568 na 1575 kwa amri ya Sultani Selim wa Pili wa Dola ya Waosmani (Waturuki), una nguzo nane zilizopangwa kwa mduara na kusogezwa karibu na kuta. Uzito ulipogawanywa hivyo, kuba moja lenye kipenyo cha zaidi ya mita 31 liliweza kufunika karibu ukumbi wote, na kuta, zilizopunguziwa mzigo, zikatobolewa madirisha mengi. Mihrabu nayo imerudishwa ndani ya kishubaka kipana kinachopata mwanga pande tatu, chenye vigae vya mji wa Iznik ambavyo, kwa maoni yetu, ni miongoni mwa vigae vizuri kuliko vyote vya karne ile.

Sinan, aliyekuwa mzee wa karibu miaka 80 kazi ilipoanza, alijivunia kwamba kuba hili limelishinda lile la Hagia Sophia, kanisa kuu la kale la Istanbul lililogeuzwa msikiti. Haki inatudai tuseme kwamba vipenyo vya makuba hayo mawili vinakaribiana sana, na kuba la Hagia Sophia liko juu zaidi kutoka sakafuni. Ushindi wa kweli wa Sinan ni ule umoja wa nafasi iliyo chini ya kuba la Selimiye. Umoja huo unakatizwa na jukwaa la waadhini, lililowekwa katikati kabisa chini ya kuba, juu ya chemchemi ndogo, uamuzi ambao wataalamu wanaujadili hadi leo.

Edirne ulikuwa mji mkuu wa Waosmani kabla ya kutekwa kwa Konstantinopoli (Istanbul ya leo) mwaka 1453. Selim mwenyewe alifariki Desemba 1574, miezi michache kabla ya msikiti kufunguliwa, akazikwa Istanbul, kando ya Hagia Sophia.