Machi Hakuna Wageni, Ila Bata Wapo

Kijana mmoja wa Sakina, hapa Arusha, kaniandikia wiki hii: "Shikamoo kaka. Kampuni ya utalii imetusimamisha mpaka Juni, niko geto tu. Nifanyeje niwe mtaalamu wa kuwaonyesha wageni ndege kama wewe?"

Marahaba mdogo wangu. Jibu lenyewe ni fupi: ingia Momela, kwenye maziwa ya Hifadhi ya Arusha, kabla Machi haijaisha. Mengine yote ni maelezo.

Najua wenye kampuni wanavyosema. Machi mvua, Machi wageni hakuna, peleka magari gereji. Bosi wangu mmoja wa zamani aliniambia, tena mbele ya wapishi na madereva wenzangu, kwamba mtu hapandi ndege toka Ulaya aje kuangalia ndege, sembuse bata. Walicheka mpaka mpishi akaweka sufuria chini. Sawa. Jumamosi iliyopita mama mmoja wa Kiholanzi amenitafuta kwa jina langu, kwa ajili ya bata hao hao.

Tulitoka mjini alfajiri, tukakunja Usa River, geti la Ngongongare tukafika wa kwanza. Twiga tuliwapita, nyati tuliwapita, mama hakuomba tusimame hata mara moja. Nilimpenda hapo hapo. Maziwa ya Momela yanalishwa na maji ya chini kwa chini, na ni ya magadi, ndiyo maana flamingo wanapapenda. Wengi wanapiga picha ya flamingo, wanageuza gari. Sisi tuliegesha, jua likiwa mgongoni, tukakaa.

Sasa sikiliza. Kuna bata mdogo, vitabuni utamkuta kwa jina la garganey. Oktoba akiingia kutoka kaskazini, dume na jike huwatofautishi kirahisi, wote ni kahawia yenye madoa. Machi dume keshavaa: kichwa rangi ya damu ya mzee, na mstari mweupe unaanzia juu ya jicho, unapinda, unateremka hadi kisogoni. Anajiandaa kwenda kuzaliana Ulaya na Urusi, kule baridi inakoachia. Mwezi wa tano ukija kumtafuta, keshaondoka. Kwa hiyo huo msimu wenu mnaouita mbaya ndio anaopendeza kuliko wakati wowote mwingine akiwa kwetu. Pembeni yake walikuwapo bata wengine, wale wenye mdomo mpana kama mwiko, wanauburuza juu ya maji wakichuja chakula.

Halafu akatokea mwenyeji. Bata aitwaye maccoa hana habari na Ulaya, yeye ni wa Afrika. Dume ana mwili wa hudhurungi iliyoiva, mdomo wa buluu kali, mkia mgumu kausimamisha. Anazama, unamsubiri pale pale, anaibukia kwingine kabisa. Mama yule alikaa naye saa nzima, chai ikapoa kwenye chupa.

Picha zilipozunguka kwenye magrupu, yule bosi kanitumia ujumbe, eti nina nafasi Novemba? Sijajibu. Acha asubiri kidogo.

Vijana, tuambiane ukweli. Simba kila dereva anamjua, redio inawaitia alipo, mnakwenda magari ishirini. Hapo unajitofautisha na nani? Mgeni wa ndege anakaa siku nyingi, halalamiki vumbi, na akikuamini anamwambia mwenzake. Lakini anajua kuliko wewe, kwa hiyo ukibahatisha jina atakunyamazia tu, na hatarudi. Kaeni na ziwa moja mpaka mlizoee. Kaeni.

Darubini nunua iliyoandikwa 8x42: nane ni ukuzaji, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Usidanganywe na zenye namba kubwa kubwa za mtaani, mkono ukitetemeka kidogo huoni kitu. Wahi asubuhi kabla upepo haujaleta mawimbi, maana bata mdogo akiwa nyuma ya wimbi ni kama hayupo.

Gari la kuingia hifadhini changeni wanne. Pesa ikigoma kabisa, panda kifodi ushuke Tengeru, zunguka ziwa Duluti kwa miguu. Hapo mnandi wapo, kibisi wapo, furukombe utamsikia kabla hujamwona. Wa Moshi mna bwawa la Nyumba ya Mungu, msinisumbue na nauli ya kuja Arusha. Ila ni mwezi huu. Masika ikikolea, njia ya Momela inateleza vibaya, na bata wa kaskazini watakuwa wamekwenda.