Kupima nguvu ya wanunuzi na wauzaji wa hisa kwa CMF

Ndugu, umeuliza kwa nini CMF (Chaikin Money Flow, kipimo cha nguvu ya kununua na kuuza hisa) inaonyesha wanunuzi wana nguvu ilhali hisa imeshuka. Kipimo hiki hakiangalii bei ya jana hata kidogo. Kinaangalia tu hisa imefunga wapi kati ya bei ya juu na ya chini ya siku ileile.

Tuseme ya juu ni 30, ya chini 28, imefunga 29.50. Toa ya chini kwenye ya kufunga: 1.50. Toa ya kufunga kwenye ya juu: 0.50. Tofauti yake ni 1, gawa kwa 2 (ya juu toa ya chini), unapata 0.5. Zidisha kwa idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo. Jumlisha siku 20, kisha gawa kwa jumla ya hisa zote za siku hizo.

Sasa shida yako. Jana imefunga 30, leo imefungua 27, ikacheza kati ya 26 na 27.50, ikafunga 27.40. Hesabu ya siku hiyo inakupa +0.87, yaani wanunuzi wana nguvu, na mwenye hisa kapoteza karibu 9%! Ndiyo maana uiweke pamoja na OBV (On-Balance Volume, jumla inayoendelea ya hisa zilizouzwa), ambayo hulinganisha na bei ya jana: bei ikishuka, hisa zote za siku hutolewa kwenye jumla hiyo.

Kwenye masoko yenye mauzo machache kama Dar es Salaam, kuwa makini zaidi. Hisa ikiuzwa bei moja kutwa nzima, unagawa kwa sifuri, weka 0. Na muamala mmoja mkubwa wa makubaliano (mnunuzi na muuzaji wamepatana wenyewe) unaweza kuvuruga siku zote 20, kwa hiyo uondoe kwanza.