Hiyo "kesho" yenu ni ya lini?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kijana anayetaka kazi ya mawasiliano ajifunze nini kwenye mitandao ya kijamii? Nafanya kazi hiyo hapa Lamu, huu mwaka wa sita, na jibu langu la kwanza ni tarehe.

Nilianza kwa kuandikia matangazo chama kimoja cha wenye boti. Ulikuwa msimu wa kusi, bahari imechafuka, na jioni moja manahodha wakakubaliana kwamba boti ya Faza, kisiwani Pate, haitoki. Nikatengeneza bango: picha ya gati, rangi ya samawati, na maneno "Safari ya kesho imeahirishwa". Nikalirusha Facebook saa tatu usiku na kulitia kwenye kundi letu la WhatsApp. Bahari ikatulia mapema, na safari zikarudi. Bango langu likaendelea kutembea. Lilipita Siyu, likafika Kizingitini, watu wanapelekeana tu. Usiku wa tatu likamfikia mama mmoja wa Faza aliyekuwa na miadi ya kliniki huku mjini. Akalala akijua hakuna boti. Alfajiri maji yalipojaa, chombo kikapita mkondo wa bahari wa Mkanda bila yeye.

Alinipigia mwenyewe. Hakugomba. Aliuliza tu, "Mwanangu, hiyo kesho yenu ni ya lini?"

Tangu siku ile siandiki "kesho". Naandika Jumatano, tarehe, saa, na jina la gati, tena ndani ya bango lenyewe, maana maelezo ya pembeni hubaki nyuma picha inapopelekwa kwingine. Hili ndilo naona vijana wengi hawafundishwi: ujumbe ukishatoka mkononi mwako hauna mwenyewe. Tangu 2019 WhatsApp hairuhusu kupeleka ujumbe mmoja kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mpigo, na tangu Aprili 2020 ule uliokwisha kupita mikono mingi huenda kwa mmoja mmoja. Hiyo yapunguza kasi tu. Ukiufuta kwenye kundi lako, nakala zilizokwisha kupelekwa zinabaki huko ziliko.

Jambo la pili ni kujua unasema na nani. Picha ya punda amesimama kwenye uchochoro wa mji wa kale, mji ulioingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, hupendwa na watu wa Nairobi hadi Ujerumani. Sina ubaya nayo, hoteli zinaihitaji. Lakini hakuna hata mmoja wao anayengoja boti ya Faza. Anayengoja ana bando la shilingi ishirini na pengine miwani yake imevunjika. Huyo namrekodia sauti, sekunde thelathini, kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, nikisema "yeo" badala ya "leo", kama anavyosema yeye nyumbani. Bango hubaki kwa Kiswahili sanifu. Kuchagua lugha gani iende wapi ni ufundi, na kwangu unazidi kujua kukata video.

Kisha kuna kujibu. Tangazo likishatoka, saa moja inayofuata ni ya maswali: nauli ni ile ile? mzigo je? Ukizima simu wakati huo, mtu mwingine atajibu badala yako, na atakisia.

Picha za watoto, hasa wakati wa Maulidi ambapo kila mtu ana kamera, niseme kwa ufupi: omba ruhusa ya mzazi kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka hivyo, na adabu ilitaka hivyo kabla yake.

Kijana akija kuomba kazi kwangu, simwulizi ana wafuasi wangapi. Nampa karatasi: boti ya Kizingitini, Jumatano, itatoka saa mbili badala ya saa kumi na mbili kwa sababu ya maji. Aiandike kwa Facebook, kisha airekodi. Nampelekea yule mama wa Faza, ambaye hadi leo tunajuliana hali, na tunakaa mimi na kijana, simu mezani, tukingoja tuone atauliza nini.