Kukutana na msanii uliyemfuata mtandaoni miaka mingi: nenda, ila anza na kazi zake

Mkuu, umeuliza kama kwenye maonyesho ya huyo msanii wako umwendee umsalimie au ukae zako pembeni, maana unaogopa kuaibika, na unaogopa zaidi kwamba ukimwona ana kwa ana utavunjika moyo. Mimi nasema nenda.

Wangu alikuwa mchoraji wa wino. Jina silitaji, si mtu wa kupenda kutajwatajwa. Nilianza kufuata kazi zake wakati nikichora kwa penseli tu, kwa sababu wino ulinitisha: haufutiki. Yeye alikuwa akipandisha michoro ya mapaa, ngazi, nguo zilizoanikwa, kwa mistari myembamba iliyosongamana hadi ikawa kivuli. Kwake ndiko nilikojifunza kwamba giza kwenye mchoro wa namna hiyo halipakwi, linajengwa mstari juu ya mstari. Mwenyewe hakujua kama ana mwanafunzi.

Hapo ndipo penye utata. Mwaka 1956 watafiti wawili, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika kuhusu watazamaji wa televisheni na wasikilizaji wa redio wanaojiona kama wanafahamiana na mtangazaji, ilhali ufahamiano wote uko upande mmoja. Intaneti haikuwepo, lakini ndiyo hali yetu hiihii. Wewe unajua anavyoshika kalamu, unamjua hata paka wake. Yeye anaona tu mgeni anamjia huku akitabasamu kupita kiasi. Ukilikubali hilo kabla hujafika, woga unapungua sana. Huendi kuonana na rafiki aliyekusahau, unaenda kujitambulisha kwa mtu asiyekujua.

Nilipofika nilianza na michoro, na nakushauri ufanye vivyo hivyo, kwa sababu picha ya simu inadanganya. Mchoro niliouzoea kwa ukubwa wa kiganja ulikuwa kwenye karatasi ya A2, sentimita 42 kwa 59.4. Kumbe ndiyo maana mistari ilikuwa myembamba vile! Wachoraji wengi wa wino huchora kubwa ili kazi ikipunguzwa mkono uonekane umetulia. Hata kurasa za katuni za Marekani kwa kawaida huchorwa kwenye karatasi ya inchi 11 kwa 17, kisha huchapwa zikiwa ndogo. Nikasogea. Penseli ilikuwa bado inaonekana chini ya wino, na kando ya ngazi palikuwa na viraka vya rangi nyeupe nzito, pale alipofunika mstari uliokwenda kombo. Kwenye skana, tofauti ya weusi na weupe ikishaongezwa, penseli hupotea na kiraka hakionekani tena. Miaka yote nikidhani mtu huyu hakosei.

Basi nikawa na la kuuliza. Waliokuwa mbele yangu walimwambia "napenda sana kazi zako", naye akajibu "asante" kwa adabu, mazungumzo yakaishia hapo. (Si maringo. Wewe ukiambiwa hivyo utaongeza nini?) Zamu yangu ilipofika nilimtajia mchoro mmoja wa zamani, ngazi ya nje ya jengo, nikamuuliza kwa nini upande wa kulia aliuacha mweupe mtupu. Akacheka. Alikuwa ametia wino wenye sheleki (kitu kinachokauka kigumu kama vanishi) kwenye kalamu ya kujaza wino; wino wa aina hiyo ukikaukia ndani ya kalamu hautoki kwa maji, na kalamu ikaziba katikati ya kazi. Alipogeuka kutafuta nyingine akautazama mchoro, akaona umetosha. Na mimi nilikuwa nimeujengea ule weupe falsafa nzima!

Swali hilo moja lilimfungua. Nadhani msanii anachoka kusikia habari zake mwenyewe, ila habari za ngazi ile alikuwa tayari kuzizungumza mpaka taa zizimwe.

Kuhusu kuvunjika moyo, sitakuficha: kidogo lilikuwepo. Maelezo anayoandika chini ya picha zake huchekesha mno, lakini ana kwa ana ni mtu wa maneno machache na macho yake hukimbilia mlangoni. Mwanzoni nilijisikia kama nimepunjwa. Kisha nikajiuliza, mimi nilimfuata kwa ajili ya mdomo au kwa ajili ya mistari? Mistari ilikuwa pale ukutani, tena mizuri kuliko nilivyoijua.

Mengine ni ya kawaida. Usimtajie mambo ya nyumbani kwake hata kama aliyaandika mwenyewe hadharani. Kuyasikia kwa mgeni ni kitu kingine. Picha omba mwishoni, akikataa usinune. Daftari lako beba, ila libaki mkobani mpaka aulize. Langu aliuliza, akapekua kurasa chache, akaniambia nizungushe karatasi badala ya kuupinda mkono, kwa sababu mkono una upande mmoja tu unaovuta mstari ulionyooka. Hakusifia chochote, na sikuona ubaya.

Siku ya ufunguzi iepuke kama unaweza, huwa imejaa watu na kila mmoja anamvuta upande wake. Waulize wanaosimamia maonyesho ni siku gani nyingine atakuwepo, uende mapema.